Kuruka Tuta la Maji

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuvuta kamba. Kila nilipofika kwenye wimbi nilikunja viwiko na kuuleta mpini kifuani, kana kwamba ningeweza kujinyanyua mwenyewe kwa mikono. Kamba inalegea kidogo, kisha inakaza ghafla, na mtu anakwenda kifudifudi. Nilikunywa Ziwa Victoria kwa miezi mitatu kabla ya kuligundua kosa hilo, na nilipoligundua nikafanya kubwa zaidi: niliamua kwamba sitaruka tena mpaka nijue kuruka.

Nieleze nilichokuwa nakifanya, maana hata watu wa Muleba waliokuwa wakiniona hawakuelewa. Boti ya injini ikipita huacha nyuma yake matuta mawili ya maji, moja kulia na jingine kushoto, kama matuta ya viazi. Mtu anasimama juu ya ubao, anashika kamba iliyofungwa botini, anavutwa. Anatoka nje ya tuta la kulia, analikimbilia, linamrusha, naye anapita hewani juu ya bonde la katikati na kutua ng'ambo ya tuta la kushoto. Hayo niliyaona katika picha tatu za gazeti la Kizungu lililofungiwa sukari niliyonunua mtaani Kashai, mjini. Picha ya nne, ya kutua, ilikuwa imechanika.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimepanga chumba hapo Kashai, nafundisha hesabu kwa muda. Kaka yangu aliishi Muleba, kwetu, akiendesha boti ya tajiri mmoja kati ya mwalo wetu, pale wavuvi wanapoegesha, na visiwa, kupeleka watu na kurudi na sangara. Kila Jumamosi nilimfuata. Mpini wangu ulikuwa wa jembe. Ubao niliufunga mipira ya tairi la baiskeli ili miguu isichomoke, na mgongoni nilijifunga dumu tupu la mafuta ya kula nisizame. Nilifanana na mtu anayekwenda kisimani.

Ubao wenyewe ulileta maneno. Vita vya mpakani vilikuwa vimepita, tukadhani tutapumua, kisha ukaja ugonjwa ule wa kukondesha watu, na mafundi seremala wa kwetu wakawa hawana kazi nyingine ila majeneza. Kitanda ulichoagiza Pasaka ulikilalia Krismasi. Fundi aliyenihurumia alinipa kipande kilichobaki. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, ambaye neno lake nyumbani halikuwa na rufaa, alikigeuza mara mbili mikononi.

"Mwanangu, watu wanangoja kulazwa ndani ya mbao hizi, wewe unataka kuzisimamia?"

"Ni kipande kilichobaki, shangazi."

"Kimebaki kwa sababu marehemu alikuwa mfupi. Hakukuachia wewe."

Kaka alicheka. Wakati huo alikuwa ameshatoboa mkanda wake wa suruali matundu mawili mapya kwa msumari. Hatukuutaja ugonjwa wake. Jambo alilolitaja ni injini: alisema siku hizi kamba ya kuiwashia imekuwa ngumu, na iko Jumamosi itakayomshinda.

"Nataka nikuone umeruka, mwalimu," aliniambia. "Mara moja tu. Si lazima iwe nzuri."

Mtu mwenye akili angeruka siku ileile. Mimi nilinunua daftari.

Niliandika kwamba mbio za kuelekea tuta zianze taratibu na zizidi kadiri unavyolikaribia, si kinyume chake. Mpini ukae kiunoni. Magoti yalainike, kisha yanyooke juu kabisa ya tuta, si kabla. Macho yatazame ng'ambo, yasitazame vidole vya miguu. Yote hayo yalikuwa sahihi, na leo ningemfundisha yeyote hivyohivyo. Ila nikishafika kwenye tuta nilikata kona na kurudi nilikotoka, halafu jioni naandika sababu. Siku moja kaka alilichukua daftari akasoma kwa sauti mbele ya wachuuzi wa samaki.

"'Sikuruka leo kwa sababu ubao ulikuwa umelowa.' Umelowa? Ulitaka uwe mkavu, ziwani?"

Jumamosi sita zikaenda hivyo. Nyingine zilikwenda na misiba. Kwetu jirani akifa hakuna anayeshika jembe wala kasia, na miaka ile jirani alikuwa akifa kila wiki.

Ikafika Jumamosi tuliyotoka kisiwani kuanua matanga ya binamu wa baba. Matanga yakishaanuliwa watu huruhusiwa kucheka tena, na lubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imesaidia. Boti ilijaa jamaa mpaka maji yakakaribia ukingo. Kaka alijaribu kuwasha injini mara mbili, akakaa chini. Mjomba mmoja akaivuta ile kamba kwa niaba yake. Tulipofika maji mapana, kaka alipunguza mwendo akaitupa kamba yangu ziwani.

"Boti ni nzito leo. Tuta litakuwa kubwa kuliko yote uliyowahi kuyaona."

"Kaka, mimi nimezoea tuta dogo."

"Hukulizoea. Ulikuwa unalitazama."

"Mbele ya wafiwa?"

Shangazi akajibu kutoka mbele. "Wafiwa wamelia siku nne, wamechoka. Ingia majini."

Nikaingia. Nilisimama vizuri, nikatoka nje vizuri, nikaja vizuri, nikaliona lile tuta, nikakata kona. Botini mtu akasema, "Ng'ombe wangu hulikataa daraja hivyohivyo." Nikaja mara ya pili. Nikakata kona tena. Safari hiyo hawakucheka, na ndipo nilipomwona kaka. Alikuwa ameshika mkono wa injini kwa mikono miwili. Hakuwa akitazama anakokwenda. Alikuwa amegeuka nyuma, ananitazama mimi.

Mara ya tatu sikumbuki kama nilianza taratibu. Najua nilifika juu ya tuta nikanyoosha magoti, na kelele za ubao juu ya maji zikakatika. Miguu ilipanuka kama ya chura. Dumu lilinigonga kisogoni. Mkono mmoja uliachia mpini, ukawa unatafuta kitu cha kushika, na hapakuwa na kitu. Nilitua juu kabisa ya tuta la pili, nikasimama kwa muda wa kuhesabu moja mpaka nne, kisha nikaanguka kwa makalio.

Walipozunguka kunichukua, mjadala ulikuwa umeshapamba moto.

"Ameanguka," alisema mjomba.

"Ametua kwanza, akaanguka baadaye," alisema mwingine.

"Kule kulikuwa kutua?"

Shangazi ndiye aliyekata shauri. "Hata kuku huruka hivyo, na sijasikia mtu akisema kuku hakuruka."

Kaka alikuwa ameizima injini. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akasubiri kipite, akanipa mkono nipande.

"Nimeona," alisema. "Miguu ilikuwa mibaya sana. Lakini nimeona."

Aliendesha boti Jumamosi mbili zaidi. Kisha akalazwa, na kabla ya mvua za vuli tukamzika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na baba. Boti akapewa kijana mwingine, ambaye bado hunivuta akiwa na nafasi. Siku hizi naruka kutoka kulia kwenda kushoto karibu kila ninapojaribu. Kutoka kushoto kwenda kulia bado naanguka, na naanguka mchana, mwaloni, mbele ya watu, wala siandiki tena sababu.