Kifo cha Bibi Pampu Mbele ya Mashabiki

Mtunzi alipanda jukwaani amevaa miwani ya jua, ndani ya ukumbi usio na dirisha hata moja. Dada yake, aliyeketi kiti cha mbele, alisonya kimoyomoyo. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye alimbeba mgongoni, akamfuta kamasi, akamfundisha kufunga kamba za viatu, na leo anapapasa ngazi kwa mguu ili watu wasio na kazi za kufanya Jumamosi wadhani ana siri machoni. Hakuwa na siri yoyote. Alikuwa na domo.

Domo hilo ndilo lililomfikisha hapo. Kwa miaka kadhaa televisheni ilikuwa ikionyesha tamthilia yake ya watu waliohamia sayari ya mbali na kuchimba jiji chini ya ardhi, maana huko juu hapakuwa na hewa. Kila msimu ulipokwisha, kituo kiliwakusanya mashabiki wamuulize walichotaka kuhusu sayari hiyo, na palikuwa na sheria moja tu: Mtunzi akishalitamka jambo kwenye maikrofoni, limekuwa, na lazima liingie kwenye hadithi. Mkurugenzi wa kituo aliiweka baada ya Mtunzi kuipa sayari miezi miwili angani mwaka mmoja na mwezi mmoja mwaka uliofuata, mashabiki wakanuna mpaka simu za kituo zikakosa pumzi.

Dada mtu alikuwa mshonaji wa mavazi pale kituoni. Alishona mabega ya sponji na kofia za nailoni mpaka mgongo ukaanza kulalamika. Siku mwigizaji mmoja alipougua, wakamvika yeye gauni alilolishona mwenyewe na kumsukuma mbele ya kamera awe Bibi Pampu, mwanamke mzee anayeishi peke yake ghorofa ya chini kabisa ya jiji na kutunza mashine ya hewa. Ilikuwa iwe siku moja. Akatia fora. Sasa watoto walimwita Bibi Pampu barabarani, na yeye, ambaye miaka yote aliitwa "we fundi", alifurahi, tena sana, wala hakuona haya. Cherehani alikwisha kumwachia mtu mwingine. Jumatatu angetia saini mkataba wa msimu mpya.

Maswali yakaanza. Kijana aliyejipaka uso rangi ya fedha alitaka kujua maji ya vyoo vya jiji lile huenda wapi.

"Hurudi kwenye asili yake," alisema Mtunzi, akishusha sauti.

Ukumbi mzima ukaguna kwa heshima. Asili yake! Dada mtu alikuwa na hakika kwamba mdogo wake hajawahi kukifikiria choo cha sayari ile hata siku moja. Cha nyumbani kwake mwenyewe kilikuwa kinavuja tangu aoe. Mwingine akauliza kwa nini walinzi wana vidole vinne. Mtunzi akamwaga habari ndefu ya mababu na mionzi. Ukweli ni kwamba kitambaa cha glavu kilipungua, na aliyeamua kuacha kidole kimoja alikuwa dada mtu. Wote walimtia kichefuchefu, yule anayepika uongo jukwaani na hawa wanaoumeza bila kutafuna.

Kisha akasimama msichana mmoja wa chuo, sauti nyembamba, uso hauna rangi yoyote.

"Samahani, Mtunzi. Ulisema mashine za hewa zinaendeshwa na jua. Halafu ukasema usiku wa huko huchukua mwezi mzima. Wale wa ghorofa za juu wana akiba ya hewa, tumeiona. Bibi Pampu hana. Sasa usiku wote huo anapumua nini?"

Mtunzi akavua miwani. Dada yake aliijua sura ile. Ndiyo aliyokuwa nayo utotoni akibanwa, kabla hajamsingizia mtu. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema bibi ana mtungi wa hewa uvunguni, na yule msichana angeridhika akaketi. Dada mtu alijikuta akimchezeshea midomo bila sauti: mtungi, sema mtungi. Lakini mtungi haupigiwi makofi.

"Hapumui," alisema Mtunzi. "Bibi Pampu alikufa usiku ule wa kwanza. Mnayemwona ni kumbukumbu ya mashine. Na msimu ujao mashine inazimwa."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda juu ya viti. Kijana wa rangi ya fedha alilia machozi ya kweli, yakamchora michirizi mashavuni. Pembeni ya jukwaa mkurugenzi alikuwa akipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Mtangazaji, anayeijua sheria, akasogeza maikrofoni.

"Tuliandike, Mtunzi? Ndilo neno lako la mwisho?"

Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Mtunzi alitazama kiti cha mbele. Wakakutana macho kabisa, yeye na dada yake.

"Nimesema," akajibu.

Kwa mzaha, mtangazaji akamshukia dada mtu na maikrofoni. "Bibi Pampu, hongera kwa kutunza siri! Ulijua lini kwamba umekufa?"

Alisimama polepole.

"Nimejua sasa hivi," alisema, "pamoja na ninyi."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani anaigiza.

Mtunzi alimkimbilia koridoni, anahema.

"Dada, usikasirike. Nilibanwa, jibu likatoka lenyewe. Lakini kisanaa, kile ni kifo kizuri sana. Nitakutafutia nafasi nyingine. Kuna mmea unaoongea, sauti tu, huonekani."

"Kwenye swali ulibanwa, sawa," alisema dada yake. "Lakini yule bwana alikuuliza mara ya pili, mdogo wangu, na ulikuwa unanitazama mimi."

Huko ukumbini mashabiki walikuwa wameanza kumwita Mtunzi kwa kupiga miguu sakafuni, na shingo yake ikageuka upande ule kabla yeye hajaiamuru.

"Nenda," alisema dada yake. "Wanakuita."

Naye akaenda.