Siku Niliyoufukuza Mtaa kwa Dodoso

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikuwa tayari mtaalamu wa jamii, kwa maoni yangu mwenyewe. Nilishamweleza mama nyumbani kwamba yeye ni tabaka la chini la mjini. Akaniambia tabaka la chini limechoka, nikaoshe vyombo.

Tulipopewa kazi ya utafiti nikachagua wamachinga wa Kariakoo. Nilivaa shati jeupe, nikaning'iniza kitambulisho shingoni na kubeba faili la madodoso. Nilipoingia mtaani, muuza soksi aliniangalia mara moja, akakunja turubai lake na kutoweka. Jirani yake naye akakunja. Kufumba na kufumbua nimebaki peke yangu. Nikaandika kwa umakini: "Wahojiwa hawana utulivu."

Aliyebaki ni mama lishe mmoja, maana sufuria la maharage yanayochemka hukimbii nalo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Safari hii nyie watu wa jiji mnatuhamishia wapi?"

"Mimi mwanafunzi, mama. Nasoma sosholojia."

"Ndiyo idara gani hiyo?"

Nikamweleza kirefu, pamoja na nadharia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, vua hicho kitambulisho. Kaa hapo, nichambulie mchele."

Nikavua, nikakaa. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakanicheka kwa sababu nilikuwa natupa mchele na kubakiza mawe. Muuza soksi alisimulia alivyotoka Lindi na begi moja. Mama lishe akasimulia mumewe alivyofia kazini bandarini, na watu wa mtaa ule walivyompikia yeye na wanawe wiki nzima. Sikuuliza swali hata moja. Dodoso nilikuwa nimefunikia ungo wa mchele, inzi walikuwa wengi.

Niliandika yote, pamoja na aibu yangu. Mhadhiri aliisoma ripoti mbele ya darasa. "Mtafiti huyu," alisema, "ameifukuza sampuli yake." Darasa likacheka sana. Kisha akafungua ukurasa wa mama lishe. "Hapa ndipo utafiti ulipoanza. Rudi ukamsomee mwenyewe, uhakikishe."

Nikarudi, nikamsomea mama lishe. Alinisahihisha jina la kijiji chao, akapunguza moto.

"Rudia pale pa mume wangu," akasema.

Nikarudia, polepole.