Nywele za Buluu Kilioni

Mimi nina hasira, kila mtu kwetu anajua. Mama yangu anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Kwa hiyo mkisikia sauti yangu inapanda katika habari hii, msishangae. Nimejaribu kuisimulia kwa upole nikashindwa.

Tulikuwa watatu. Mimi, ninayeuza unite, yaani vocha za simu, chini ya mwavuli. Rafiki yangu mshonaji, msichana mwenye cherehani ya miguu huko Kadutu, ambaye akianza kukutania utatamani ardhi ipasuke. Na mchoraji, mvulana pekee kati yetu. Majina siyaweki, mji wetu siku hizi una masikio. Tumesoma darasa moja tangu utoto, na tangu utoto tunapenda manga, yaani zile katuni za Japani. Kwetu Bukavu zote tunaziita manga, za kitabu na za video. Wazee wanaziita "ile mambo ya batoto ya macho makubwa."

Mchoraji alikuwa na hadithi yake mwenyewe, hakuiga ya mtu. Msichana wa hapa hapa Bukavu anabeba ziwa lote ndani ya bidoni, dumu la maji la njano, na avenyu nzima, mtaa wote, inamfuata na vikombe. Cheka, lakini anayeishi kwetu anaelewa: ziwa liko pale, unaliona ukiwa mlangoni, na robineti, bomba la nyumbani, imekauka tangu wiki iliyopita. Adui wa msichana huyo ni mwanaume mrefu wa kanzu nyeusi, kazi yake kufunga maji. Kurasa zote alizichora kwa kalamu ya biki, akaziweka ndani ya faili ya plastiki. Mimi nilizisoma nikalia, na mimi silii ovyo.

Basi tukasikia kwamba kutakuwa na tamasha la manga huko Nguba, katika ukumbi ulio karibu na ziwa. Tamasha kubwa, la kwanza sisi kuhudhuria: watu watavaa kama wahusika, kutakuwa na mashindano, meza za vitabu, na mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, mwanamke mwenye atelye, yaani karakana, ya kuchora katuni. Alikuwa anatafuta mchoraji mmoja wa kumpa kazi. Alitangaza wazi kwamba atatazama kurasa za watu ana kwa ana, na saa sita atafunga meza, kwa sababu mpaka siku hizi unafungwa mapema na yeye halali upande huu.

Sasa muelewe jambo moja. Papa yake mchoraji alikuwa mtu wa ofisi. Mshahara ulikatika tangu mji ulipobadilisha wenye bunduki, na yeye alikuwa amekaa nyumbani anatazama ukuta. Aliposikia habari ya tamasha alisema maneno machache. Nilikuwepo, nimekalia kindoo mlangoni kwao.

"Kama ule mugeni anakupatia kazi, utabakia," alisema. "Kama hapana, lundi unapanda moto, unaenda kwa tonton yako Kamituga. Iko na shimo yake ya dhahabu, anatafuta mikono."

"Papa, mimi ni mutu wa kuchora."

"Bidoni, njo kitu unachoraka. Nani anakula bidoni?"

Mchoraji alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa na hofu ambayo sijaisahau. Jumatatu, pikipiki, shimo la mjomba: Kamituga tunaijua. Watoto wa avenyu yetu wamekwenda kule na miguu yao, na wengine shimo limewafunika. Wanaorudi hawasimulii kitu.

Kwa hiyo tulilishika lile tamasha kama mtu anayeshika kamba. Mshonaji alipata kanzu ya zamani ya kwaya, nyeusi, ndefu, akaipunguza mabega na kuweka kola nyeupe ya juu, mchoraji awe Mfunga-Maji wake mwenyewe. Upanga wa adui huyo tuliuacha. Nani mwenye akili atabeba kitu chenye umbo la silaha katika mji huu? Mimi nilisukwa meshi, nywele za bandia za buluu, mpaka kiunoni ili niwe msichana wa bidoni, na bidoni yenyewe niliiosha ikang'aa. Asubuhi ya tamasha mshonaji alitutazama akashika mdomo.

"Yesu Maria! Weye unafanana padri mwenye alifukuzwa, na weye kama samaki mugonjwa. Twende!"

Tulicheka njia nzima. Mshonaji alipanda moto ya kwanza, yaani pikipiki ya kukodi, atutangulie kushika nafasi kwenye mstari wa mgeni. Sisi wawili tulimfuata na moto nyingine. Faili mchoraji aliifunga tumboni chini ya kanzu kwa mkanda, maana huko njiani kuna mahali wanakupekua, na karatasi yoyote wanaigeuzageuza. Asubuhi ilikuwa nzuri, sina budi kusema. Mimi niliamini kabisa. Nilikwisha kuwaza nitakavyojisifu kwa wateja wangu.

Pale Nguba moto haiwezi kushuka mpaka ukumbini, inakuacha juu, unashuka kwa miguu kwenye njia nyembamba. Na kwenye ile njia kulikuwa na kilio, nyumba ya matanga. Shitingi, yaani turubai, imefungwa juu ya miti, viti vya plastiki, wamama wamekaa chini kwenye mikeka. Muziki wa tamasha tuliusikia kule chini, sauti ikapunguzwa ghafla, bila shaka mtu alikuwa ametumwa kuwaambia kuna msiba hapa juu.

Nilisema moyoni, inamisha kichwa, tupite. Lakini mchoraji alikuwa amesimama. Wale wamama wote walivaa kitenge kimoja, kile cha shirika la mama yake. Shirika, kwa asiyejua, ni Wakristo wa avenyu moja wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mama yake alipokufa, wamama hawa ndio waliolala chini sakafuni kwao wiki nzima. Walipika, walifagia, waliwaogesha wadogo zake. Mmoja wao alihamia Nguba kwa binti yake baadaye, ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo, sauti kama kengele. Ndiye aliyekufa.

"Tuingie," mchoraji alisema.

"Weye iko na wazimu? Mugeni anafunga saa sita! Tutarudi nyuma ya ile tamasha, tutakaa hapa mpaka magaribi kama unapenda."

"Ule mama njo aliimbia mama yangu. Sasa nipite mbele ya mulango yake, nimevaa hivi, nikuwe nacheka?"

Ungejibu nini? Mimi nilijibu tusi, kimoyomoyo, na nikamfuata.

Kwetu huingii kilioni ukasema pole ukatoka. Unaingia, unapeana mkono, unakaa. Mwanaume kwa wanaume, mwanamke kwa wanawake. Ukiinuka kabla kiti hakijapata joto, ni kama umewatukana. Nilikaa kwenye mkeka na bidoni yangu ya njano mapajani, nywele za buluu zimenizunguka kama nyoka, na aibu imenijaa mpaka masikioni. Hakuna aliyenicheka. Maman mmoja, bila kunitazama, alifungua kitenge chake cha pili akanifunika kichwa, akanifunga kidevuni kama mtoto. Kisha rozari ikaanza.

Nilimfanyia mchoraji ishara: nipe faili, mimi niende. Alinionyesha kiganja: ngoja sala iishe. Nikangoja. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni, mshonaji ananiita, na mimi nasema Salamu Maria na kusaga meno.

Sala ilipoisha nikainuka. Wakati uleule tukasikia gari huko juu barabarani. Maiti imefika kutoka hospitali. Vilio vikapanda. Sanduku lilipaswa kubebwa kwa mabega kutoka barabarani, kwenye ule mteremko wa matope, mpaka ndani. Katekista alizunguka akitafuta watu wa kubeba, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa sijakiona: chini ya ile shitingi wanaume wote walikuwa wazee. Vijana hawakuwepo. Wamevuka mpaka, au wamechukuliwa, au wamejificha. Katekista akamwona mmoja tu, mrefu, mwenye kanzu nyeusi na kola nyeupe.

"Weye wa kanzu! Weye njo unatoka kwaya gani? Kuya, mwanangu, shika mbele."

Angesema, mimi si wa kwaya, hii ni kanzu ya mchezo. Hakusema. Aliinama, akaweka bega, faili ikiwa bado imefungwa tumboni, na wazee watatu nyuma yake wanahema. Niliwaona wakishuka hatua kwa hatua, wanateleza, wanasimama, katekista anaimba mbele. Sauti yake haikuwa kitu. Yule aliyejua kuimba alikuwa ndani ya sanduku.

Nilikuwa na hasira ya kuua. Nilimchukia katekista, nilichukia matope, Mungu anisamehe nilimchukia hata marehemu. Wafu hawana haraka, nilikuwa nasema kwa sauti ya chini, wafu hawana haraka, si wangengoja kidogo? Na huku machozi yananitoka, na wale wamama wanadhani namlilia mwenzao. Wananipapasa mgongo, "Pole, mutoto, pole."

Tulipofika ukumbini, mshonaji alikuwa mlangoni, kofia yake ya masikio ya paka ameishika mkononi. Nilimwona uso nikajua.

"Ameenda," alisema. "Nilimushika mukono, nilimuomba kama mutoto. Alingoja kidogo. Akasema mupaka. Amechagua mwingine."

Mchoraji alitoa simu, akamwandikia palepale yule mwanamke, akamtumia picha za kurasa. Na tulijibiwa, jioni, kwa adabu kabisa. Alisema kazi ni nzuri sana, inasikitisha, nafasi ilikuwa moja na imeshachukuliwa. Kazi ni nzuri sana! Afadhali angesema ni mbaya.

Lakini tulikuwa tumelipa kuingia, basi tuliingia. Ndilo tamasha ninalolikumbuka. Watoto wa watu wamejipaka rangi, mmoja amevaa mabawa ya katoni yanamgonga kila anayepita, wengine wanaruka jukwaani kwa muziki uliopunguzwa kwa heshima ya msiba, hivi kwamba ulisikia zaidi miguu yao kuliko wimbo. Harufu ya viazi vya kukaangwa. Grupu, jenereta ya umeme, ikazimika, wote wakapiga kelele, ikawaka, wakapiga kelele tena. Ilikuwa ile furaha tuliyoiota tangu shuleni, kila kitu kilikuwepo, na sisi tulisimama katikati kama wageni wa arusi waliokosea nyumba.

Watu walimpenda Mfunga-Maji. Walimzunguka wapige picha naye. Begani kanzu ilikuwa na matope mekundu na alama ya ubao wa sanduku, na kijana mmoja aligusa akauliza, "Ndugu, hii umetengeneza namna gani? Inafanana ya kweli!" Mchoraji alicheka. Alicheka kweli, mpaka akakaa chini. Mshonaji alikaa chini naye, akaanza kumpangusa matope begani.

Papa yake hakumgombeza. Alipoambiwa habari yote, ya kilio na ya sanduku, alisema, "Ulifanya muzuri. Ule mama alitufaa." Na bila kubadilisha sauti: "Lundi, moto itafika mapema."

Ilifika mapema. Faili aliniachia mimi. Nilimwambia abebe, akasema kule ni maji na matope tu, zitaharibika. Nilimwambia nitamtumia biki. Akaniambia niache kupiga kelele mbele ya watu.

Alirudi mara moja, wakati wa Noeli. Alikuwa amekonda na kukomaa kwa pamoja, na anakohoa. Nilimwekea karatasi na biki mezani, nikajifanya natafuta kitu kingine. Alichora mstari mmoja, wa mgongo wa bidoni nadhani. Mkono ulitetemeka. Kule wanapiga mawe na nyundo mchana kutwa, na mkono haukumbuki tena kutulia. Aliutazama ule mstari, akaigeuza karatasi, akaniuliza kama bei ya unite imepanda.

Juzi wamebandika tangazo: tamasha linarudi, ukumbi uleule, na yule mwanamke wa atelye anakuja tena, safari hii anatafuta watu kadhaa. Mshonaji alinikimbilia na habari. Nilijua habari ya ule mkono, naijua vizuri, lakini nilisema liwalo na liwe, mkono unaweza kupona mtu akipumzika. Nilimpigia. Kamituga mtandao unakuja na kwenda, nilipiga na kupiga mpaka akashika. Nyuma yake nilisikia nyundo.

Hakusema alo. Hakusema habari. Watu wa mjini hawapigii watu wa shimo isipokuwa kwa jambo moja, na yeye alikuwa amekwisha kuzoea.

"Nani alikufa?" aliuliza.

"Hakuna mutu alikufa," nilisema. "Sikiliza..."

"Aa, bon. Kama hakuna, utanipigia siku ingine. Niko ku kazi."

Akakata.