Mabua Saba Kutoka Kinamasi cha Chumvi

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha wadudu, Newala, Mkuu wa Maabara alinikabidhi kibano, kile kikoleo chembamba cha kushikia vitu vidogo, akaniwekea mezani nondo mdogo kama punje ya mchele, aliyekaushwa. Niliinama kumtazama. Akapeperushwa na pumzi yangu.

"Mama Zuhura," alisema, "unapumua kama mtu aliyepanda mlima na gunia la korosho. Geuza uso."

Nikajifunza kugeuza uso. Baadaye mimi na Mkuu tulihamishiwa Masasi kumfuatilia nondo huyo. Anaishi bondeni, kwenye kinamasi cha chumvi. Kiwavi wake hula ndani ya bua la nyasi, kisha huwa pupa, yaani hulala kwenye kifuko mpaka atoke na mabawa. Mwaka ule kinamasi kilichomwa moto kupisha mpunga. Tuliokoa mabua saba yenye viwavi. Hatukujua kama wamebaki wengine.

Tulimweka kila kiwavi na bua lake katika chupa yake, nami niliwahudumia: kufungua chupa, kunyunyiza maji ya chumvi, kufunika kwa kitambaa. Asubuhi moja nilitoka kupulizia mikorosho yetu salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Nilikuwa nimechelewa, sikubadili nguo. Nilipofunika chupa ya saba nikaona unga wa njano kwenye kitambaa. Ulitoka kwenye kanga yangu, na ungeweza kuwaua viwavi.

 Nilitaka kufuta na kunyamaza. Mkuu akaingia.

"Shikamoo, Mkuu. Nimeingia na salfa."

Akainamia kitambaa. "Chupa ngapi?"

"Zote."

"Toka. Kaa mlangoni, usiguse kitu."

Siku kumi na moja nilikaa pale. Kila jioni nilimuuliza kama kuna nondo aliyetoka, naye alisema bado. Siku ya kumi na mbili alitoka na chupa moja; viwavi wa zile sita walikuwa wamekufa. Ndani yake nondo mmoja alikuwa akitembea.

"Tumchome pini?" niliuliza, maana ndivyo tulivyowahifadhi.

"Hapana. Twende bondeni. Labda moto umembakizia mwenzake pembeni."

Kule bondeni alinipa chupa niifungue mwenyewe. Niligeuza uso.

Sasa nimestaafu, niko Chilangala. Vijana wa kazi hii wakinijia huwaambia: ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Wakiniuliza kama nondo wale wapo bado, nawaelekeza njia ya bondeni. Majirani wakianza kupulizia salfa, nafunga madirisha kana kwamba zile chupa zimo ndani. Bondeni sijarudi. Naogopa. Mkienda ninyi, vaeni nguo safi, na mtakachokikuta, njooni mniambie taratibu.