Mayai ya Majirani Ndani ya Friji ya Chepchirchir

Chepchirchir alijua kuna jambo kabla hajaufungua mlango wa friji. Bati lilikuwa moto. Aliliwekea kiganja vile anavyoliwekea paji la bintiye Shirley anapolia usiku, akakitoa haraka.

Friji yenyewe ilikufa zamani. Yeye ndiye aliyeitoboa, akaitia balbu mbili, trei mbili na feni ndogo, ikawa mashine ya kutotoa vifaranga. Kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kilikuwa kimepita kwenye mtaa wao, nje kidogo ya Kapkatet, kikafagia kuku boma kwa boma hadi asubuhi zikawa kimya bila jogoo. Yaliyobaki ni mayai yaliyokuwa jikoni. Kuku wa kuyaatamia hakuwepo hata mmoja. Basi kila mama akaleta yake, ameyatia alama yake kwa penseli, akamwachia Chepchirchir, kwa sababu kabla hajaolewa alisomea kompyuta mjini Kericho.

Alifungua mlango. Kipima joto cha glasi kilikuwa kimeipita mbali alama aliyoichora kwa rangi ya kucha. Yai linataka thelathini na saba na nusu. Humo ndani ilikuwa arobaini na mbili, na balbu zote mbili zinawaka kama hakuna kitu.

Alichomoa waya wa stima.

Kogo Rodah, mama mkwe wake, aliingia na ndoo ya maziwa. "Mama Shirley, mbona hiyo kitu iko wazi? Si ulisema yatashikwa na baridi?"

"Yameshikwa na moto, Kogo."

Kogo akaweka ndoo chini polepole. "Yangu pia?"

"Yote."

Kompyuta iliyoongoza balbu ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Ndani yake aliweka skripti ya shell, maana shell ndiyo aliyoizoea: unaandika amri moja chini ya nyingine, kompyuta inazifuata. Mistari michache tu. Soma joto; likizidi, zima balbu; likipungua, washa. Aliiandika mtoto akinyonya, na ikafanya kazi.

Kisha ikaanza kumsumbua. Hesabu ya shell inajua namba nzima peke yake, nusu haiijui. Thelathini na saba na nusu aliishonea kiraka. Stima ikapotea, ikarudi, skripti haikuamka, akashona kingine. Ndugu yake Vinny, anayetengeneza kompyuta huko Kericho, alikuwa amemwambia aiache, aandike upya kwa Python, lugha nyingine ya kompyuta. Alimjibu kwamba ataandika vifaranga wakishatoka.

Sasa aliona kilichotokea. Asubuhi akigeuza mayai, mkono wake uligusa waya wa kipima joto cha kompyuta, ukalegea. Skripti iliuliza joto, ikapewa hewa tupu. Shell ikalinganisha hewa na namba, ikanung'unika mahali ambapo hakuna anayesoma, ikaendelea na safari yake. Balbu zilikuwa zinawaka, zikabaki zinawaka.

Alimpigia Vinny.

"Niongeze tu mstari mmoja?" aliuliza. "Kwamba ikikosa namba izime?"

"Unaweza. Halafu kesho iharibike kwingine, unipigie tena ukilia hivyo."

"Silii."

"Unalia, sista. Sikiza. Mimi sina vita na shell. Kuhamisha faili, kuamsha programu, hapo ni sawa kabisa. Lakini hii yako inaamua nani aishi. Umeshona viraka mpaka nguo yenyewe haionekani."

"Python mimi si mwepesi, Vinny. Na mayai yako hapa yanapoa."

"Nani yuko na wewe?"

Alimtazama Kogo, ambaye alikuwa ameshaketi kwenye kigoda mbele ya friji, Shirley mgongoni.

"Kogo."

"Basi Kogo awe skripti."

Hakucheka. Lakini ndivyo walivyofanya. Walirudisha stima, na Kogo Rodah akakaa akitazama ule mstari wa glasi. Ukipita rangi ya kucha anachomoa, ukishuka anachomeka. "Nimechomeka!" alikuwa akiita. "Nimetoa!" Alikuwa hana utani siku hiyo. Chepchirchir aliandika mezani, akifuta na kurudia, Vinny akimsahihisha kwenye simu hadi bando likaisha, kisha akabaki peke yake na makosa. Python ilimkatalia mara kwa mara, lakini kila ilipokataa ilisimama na kumwonyesha mstari gani. Haikupita ikijifanya nzima.

Jambo la kwanza aliloliandika lilikuwa hili: ukikosa joto, zima balbu, kisha piga simu ya nyumbani. La pili: hata wewe mwenyewe ukianguka, zima kabla hujaanguka.

Jua lilikuwa limeegemea mashamba ya chai aliporudisha waya wa kipima joto na programu ikashika. Kogo alinyoosha miguu. Balbu ziliwaka, zikazima, zikawaka, zenyewe.

Priscillah, Mama Chege, mwenye duka pale njiani, ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa wa kwanza kuleta mayai pia, kwa hiyo yake yalikaa trei ya juu, karibu na balbu.

"Nimesikia," alisema. "Nionyeshe."

Walijifunika blanketi, Chepchirchir akamulika yai kwa tochi ya simu. Kwa umri wa mayai yale, kifaranga hurukaruka ndani ukimmulika. Huyu hakuruka. Kivuli kilitulia chini kama tope. Lingine, vivyo hivyo. Lingine. Priscillah alizidi kumpokeza, penseli yake ikionekana kwenye kila ganda, mpaka yakaisha.

"Ya chini?"

Kwenye trei ya chini mengi yalikuwa kimya. Machache, ya Kogo na ya jirani mwingine, yalitikisika.

"Yakitoka, Mama Chege, utapata mitetea wa kuanzia," Kogo alisema. "Mimi nimesema."

Priscillah alitoka kwenye blanketi, akaelekeza kidole kwa kompyuta. "Na hiyo mpya, huo waya ukilegea, inafanya nini?"

Chepchirchir aliuvuta waya. Balbu zikazima papo hapo. Simu ikalia mkononi mwake.

Priscillah alijifunga leso.

"Ungeiandika hivi mwanzoni," akasema, akaondoka.

Chepchirchir aliurudisha waya mahali pake, akausukuma hadi mwisho, akangoja balbu ziwake.