Magurudumu ya Nyuma ya Motokaa ya Mpimaji

Wakati wa Mjerumani nilikuwa dereva wa mzungu mmoja mpima ardhi, hapa Dodoma, na sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Watu walikuwapo tele. Reli ilikuwa imekwisha kufika, maduka yalikuwa yamefunguliwa, na jioni kila baraza lilikuwa na kicheko chake. Lakini ningemweleza nani kwamba mipira ya magurudumu ya nyuma inalika upande mmoja? Wangeniambia pole, kisha wangerudi kwenye habari za ng'ombe na mahari. Nilikula peke yangu katika banda la gari na kujihurumia sana. Sioni haya kulisema.

Mama yangu alikuwa kwetu Busi, anaumwa, na alikwisha kunitumia salamu mara mbili kwamba niende. Bwana aliniahidi ruhusa ya mwezi mzima mvua zikianza, kwa sharti moja, kwamba mipira idumu hadi siku hiyo. Mipira ilitoka Ulaya kwa meli, naye aliilinda kuliko bunduki zake. Ya mbele ilikuwa mizima. Hiyo ya nyuma, ambayo ndiyo inayosukuma gari, ilikuwa imelika ukingo mmoja hadi nyuzi zikaonekana, na ukingo wa pili ungedhani umetoka dukani jana.

"Unaendesha kama mlevi," aliniambia. "Ukipasuka hata mmoja, hakuna Busi. Kuna hamsa ishirini."

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Nilipunguza mwendo. Nilihamisha mapipa ya maji kutoka kushoto kwenda kulia. Nililaumu mawe ya njia ya Mkonze, nikalaumu miiba, nikamlaumu na bwana mwenyewe kwa uzito wake. Mipira iliendelea kulika.

Siku moja nilisimama kwenye njia hiyo ya Mkonze ili injini ipoe. Akaja mfugaji wa Kigogo, ameinama, anafuata nyayo za ng'ombe wake aliyepotea. Alikuwa amenuna, maana magurudumu yangu yalikuwa yamezifuta.

"Mbukwa," nikamsalimu kwa lugha yake.

Alinyoosha fimbo kwenye vumbi. "Huyu mnyama wako mgonjwa. Miguu ya nyuma haifuati ya mbele. Ng'ombe akitembea hivi, nyonga imetoka. Mchinje."

"Hachinjwi, ndugu yangu. Ni chuma."

"Basi mwuze," akasema, akaenda zake.

Nilicheka, kisha nikainama mimi mwenyewe. Ni kweli, alama za nyuma zilikuwa zimekwenda kando kwa upana wa kiganja. Nilichukua kamba nikapima kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia, kisha kushoto. Kushoto kulizidi kwa vidole viwili. Motokaa ile ilisukumwa na minyororo miwili, mmoja kila upande. Wa kushoto ulikuwa na kelele, nami nilikuwa nikiukaza, na kuukaza tena, bila kuugusa wa kulia. Kila nilipoukaza, ekseli, chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma, ilisogea nyuma upande ule, na gari likawa linakwenda mshazari. Miezi yote ile nilikuwa nikiila mipira kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilirekebisha pale pale. Jioni nilimweleza bwana yote, pamoja na kosa langu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubaki na jambo hilo peke yangu. Hakunipiga. Alipima mwenyewe kwa kamba, akanishika bega, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Mipira ikafika kwenye mvua. Nikavaa kanzu safi, nikaenda kudai ruhusa yangu.

"Uende?" aliuliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Nani mwingine anaijua motokaa hii?"

Hakuwapo. Nilirudi bandani nikaivua kanzu.

Mama alizikwa mvua zile zile. Jirani aliyeniletea habari alisema mgonjwa alikuwa akimuuliza kila mpita njia kama mafuriko yameikata njia ya Dodoma. Haikukatika hata siku moja. Kila juma nilimpeleka bwana hadi katikati ya njia hiyo, nikageuza gari.