Kivuko kilichojengwa mara mbili mpakani

Jua limeanza kuchoma. Mama Vitofali, kama wote wanavyomwita, amepiga magoti juu ya gunia katikati ya barabara inayounganisha miji miwili ya nchi mbili. Anaweka kitofali, anakigonga kwa nyundo ya mpira, anatazama pima maji, kisha anasonya.

"Hiki nakijua," anasema, akionyesha kimoja kilichomeguka pembe. "Nilikimega mwenyewe nilipokuwa naking'oa."

Anajenga upya kivuko kile kile alichokijenga miezi michache iliyopita, kisha akaamriwa kukibomoa.

Mama huyu wa watoto watatu alizaliwa mji wa ng'ambo, akaolewa mji huu. Mama yake mzazi bado yuko kule. Kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mwendo wa kupiga soga tu, ukifika hata hujachoka.

Manispaa hizo mbili zilipokubaliana kujenga njia za waenda kwa miguu, yeye alipata kazi upande huu. Njia zikatengenezwa, zikapendeza, kila moja na miti yake. Zilipofika kwenye geti la mpaka ndipo watu waliposhika vichwa: moja ilitokea kushoto mwa barabara, nyingine kulia. Katikati, malori.

"Kila upande ulichora wake," anasema. "Ukiuliza huku, wale ndio wahame. Ukiuliza kule, sisi ndio tuhame. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi zenyewe ni mama yangu."

Mwaka jana bibi huyo alikuwa akivuka kwenda kuwaona wajukuu. Kioo cha pembeni cha lori kikampiga, akavunjika mkono. Tangu siku hiyo hajakanyaga tena mpakani.

Binti yake alikwenda kwa mhandisi wa manispaa. "Akaniambia, 'Dada yangu, hata mimi naona aibu. Lakini pale kati si kwetu wala si kwao, mpaka kamati ya pamoja ikae.' Basi mwenyekiti akipatikana, katibu kasafiri. Katibu akirudi, mwenyekiti mgonjwa."

Subira ikamwishia. Asubuhi moja ya mapumziko, malori yakiwa yamezuiwa, yeye na Kipara, fundi mwenzake wa ng'ambo, walichukua vitofali vilivyobaki wakajenga kivuko kilichoinuka kidogo. Kila mmoja alijenga nusu iliyo karibu na njia yake. Madereva wakatukana, lakini wakapunguza mwendo.

Kabla ya wiki kuisha, amri ikaja: hakina kibali, kivunjwe.

"Ningekataa, kazi ingeota mbawa," anasema Mama Vitofali. "Nikashika mtaimbo. Nilikuwa nalia, lakini kwa hasira."

Kipara hakugusa nusu yake. "Nilimwambia msimamizi mgongo unaniuma," anasema bila kucheka. "Na kweli ulikuwa unauma."

Nusu hiyo moja iliyobaki ndiyo iliyozua balaa. Malori ya kwenda na ya kurudi yote yakawa yanaikwepa, yakibanana upande uliosawazishwa. Geti likaziba. Wafanyabiashara wakaja juu, na kamati iliyoshindwa kukaa mwaka mzima ikakaa ndani ya siku mbili. Ikaamua kivuko kijengwe.

"Watu walipovunjika mikono, kimya," anasema, akichota mchanga. "Nyanya zilipoanza kuoza malorini, kikao."

Bado hajapoa. Anasema hajasikia mtu yeyote wa ofisini akisema pole, si kwake wala kwa mama yake. Ila kazi ataimaliza, tena vizuri, kwa kuwa anajua nani atakayeikanyaga.

Jana alimpigia mama yake simu kumweleza. Bibi akajibu kwamba maneno ameshayasikia mengi, yeye atakuja atakapoambiwa kitofali cha mwisho kimewekwa.

"Nataka aje kwa miguu yake," anasema Mama Vitofali. "Aketi jikoni kwangu, aonje, alalamike kuwa chumvi imezidi. Mwaka mzima huu napika, na hakuna hata mmoja wa kunikosoa."